Boksi la futi ngapi kwa trekta dogo?

Safu hii naiandikia nyuma ya gereji yangu hapa Babati, kwenye meza ambayo mguu wake mmoja ni kipande cha ekseli. Mwezi huu barua zimefanana kama watoto wa mama mmoja. Masika yamechukua changarawe za watu, na kila mwenye trekta dogo anauliza afunge nini nyuma yake, na kwa upana gani, ili njia ya kwake irudi kuwa njia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake wamo watu watatu wanaobishana, na wote watatu nawafahamu: nimeshakuwa kila mmoja wao kwa wakati wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina shamba la kahawa na mahindi upande wa Rhotia, Karatu. Kutoka barabara kuu hadi nyumbani ni mita 1,400 za changarawe, sehemu kubwa ni mlima. Mwaka jana tulinunua trekta dogo la Kijapani, mtumba, fowili (magurudumu yote manne yanavuta), kibati kinasema nguvu za farasi 27. Tunataka boksi la kukwangulia barabara. Fundi wa kuchomelea huku mjini anataka kunitengenezea la futi sita, anasema fowili inavuta chochote na tofauti ya bei na la futi tano ni ndogo. Mwanangu amesoma mahali kwamba kila futi moja inataka farasi watano, kwa hiyo sisi ni futi tano na kidogo. Baba watoto anasema tuache yote hayo, tununue bledi ya nyuma ya kawaida. Tumsikilize nani? – Mama mkulima, Karatu

JIBU: Marahaba mama. Kabla ya kukujibu nilikupigia simu nikakuomba vipimo viwili, nawe ukanipa: kutoka ubavu wa nje wa tairi la nyuma la kushoto hadi ubavu wa nje wa lile la kulia ni sentimita 138, na trekta lilipopita kwenye mizani ya ghala la mazao lilikuwa kilo 1,150 bila dereva. Asante. Watu kumi wakiniuliza swali hili, tisa wananitajia farasi tu, na hao tisa siwezi kuwasaidia.

Farasi nitawaacha hadi mwisho, kwa sababu kwenye kazi hii wao ndio wa mwisho kuitwa. Injini yako haitazimika ukikwangua barabara. Kitakachotokea ni matairi kuzunguka palepale huku injini ikiimba vizuri kabisa. Kinachovuta udongo ni uzito wa trekta unaokandamiza tairi chini, na uzito huo haubadiliki hata kibati kiandikwe farasi 40.

Anza na tairi. Chochote cha kusawazishia lazima kifute alama za matairi ya nyuma, la sivyo utasawazisha katikati huku ukiacha mifereji miwili pembeni, na maji ya Karatu yakipata mfereji hayahitaji kuelekezwa. Wewe una sentimita 138. Boksi la futi nne ni sentimita 122, tayari limepungua. La futi tano ni 152, linazidi matairi kwa sentimita saba kila upande. Hapo pametosha. La futi sita ni 183, linazidi kwa zaidi ya 22 kila upande. Kwa macho linapendeza, ila hizo sentimita zote zitavutwa na mtu, na mtu mwenyewe ni kilo 1,150.

Sasa hesabu ya jikoni. Kwa wasiolijua boksi: ni sanduku lisilo na mfuniko, lisilo na kitako, lisilo na ukuta wa mbele. Lina ukuta wa nyuma wenye visu viwili chini, kimoja kinatazama mbele na kingine nyuma, lina mbavu mbili za pembeni, na mbele kuna bomba lenye meno ya kuchimbua yanayopandishwa na kushushwa. Likienda mbele linakwangua na kujijaza. Boksi la futi tano lenye kimo cha nusu mita likijaa vizuri hubeba udongo wa kilo 300 hivi. La futi sita linafika 360 na zaidi. Udongo huo haupandi garini, unaburutwa juu ya udongo mwenzake, na kuuburuta peke yake kunakula zaidi ya nusu ya uzito wake. Ongeza uzito wa boksi lenyewe. Ongeza nguvu ya kisu kukata ardhi. Trekta la fowili lenye tairi nzuri kwenye changarawe iliyoshikana huweza kuvuta kama nusu ya uzito wake, pakiwa na vumbi jepesi juu inashuka hadi theluthi. Yaani wewe una mvuto wa kilo 400 hadi 550 za kutumia, basi. Boksi la futi tano likijaa linazimaliza karibu zote. La futi sita linadai ambazo huna. Na hapo bado tuko tambarare: kwenye mlima wa mita kumi kwa mia, sehemu ya kumi ya uzito wa kila kitu, trekta na boksi na udongo, inakuvuta kurudi nyuma. Kwako ni kama kilo 170 zinazotolewa kwenye zile zile.

Huyo fundi wa kuchomelea sitamlaumu sana kwa maneno yake ya fowili, maana mwaka 2009 niliyasema mwenyewe. Jamaa mmoja aliniletea trekta la farasi 24, nikamtengenezea boksi la futi sita kwa sababu nilikuwa na bamba la chuma la urefu huo na sikutaka kulikata. Tulikwenda kulijaribu kwenye njia ya kwake. Mita kumi za kwanza nilijiona mhandisi. Ya kumi na moja boksi likajaa, matairi yakaanza kuzunguka, nikanyanyua kidogo. Trekta likapumua, likaruka mbele, likaacha kichuguu. Nikashusha tena, likang'ata, likajaa, likakwama, nikanyanyua. Tulipogeuka kuangalia nyuma, njia yote ilikuwa na matuta, moja kila baada ya urefu wa trekta, kama mgongo wa mamba. Bodaboda ya kwanza iliyopita, abiria alishuka akatembea. Jamaa hakusema kitu, alinitazama tu. Wiki iliyofuata nilikata futi moja na kuchomelea upya kwa gharama yangu, na lile bamba nililolionea huruma mwanzoni kipande chake kipo hadi leo, ndicho kinachozuia mlango wa gereji.

Kuna jambo jingine ambalo mizani ya ghalani haikuonyeshi, nalo ni pua. Boksi linaponyanyuliwa linaning'inia nyuma ya ekseli, na kila kilo ya nyuma inaiba uzito kwenye magurudumu ya mbele. Trekta kama lako huweka mbele kama asilimia 40 ya uzito wake, tuseme kilo 460. Boksi la kilo 250 likining'inia mita moja na robo hivi nyuma ya ekseli linapunguza mbele karibu kilo 190. Zinabaki 270. Kanuni ya kazi ni kwamba mbele pasibaki chini ya moja ya tano ya uzito wa jumla, na hapo jumla ni 1,400, kwa hiyo unatakiwa kubaki na 280. Umekwama ukingoni, ila unaokoleka: vyuma vya uzito vya kilo 60 kwenye pua vinakurudisha juu ya 340. Sasa weka boksi la futi sita lililotengenezwa kwa chuma kinachostahili, kilo 330 au 350. Mbele panabaki kilo 200. Kwenye mlima wako usukani utageuka mapambo, utazungusha na trekta litaendelea kwenda linakotaka. Kuna watu nimewazika hivi. Simaanishi barabara, namaanisha watu.

Najua fundi wako atasema atalifanya la futi sita jepesi, bamba la milimita nne. Mkatalie hapo hapo. Boksi jepesi halikwangui, linateleza juu ya barabara ngumu kama sahani juu ya meza, na mbavu zake zinajikunja siku ya kwanza jino likikutana na jiwe. Bora fupi zito kuliko pana jepesi. Mwambie futi tano, bamba la milimita nane, kimo sentimita 50, mbavu sentimita 65. Visu avitoe kwenye visu vikuukuu vya greda, vinapatikana kwa wauza chuma chakavu na ni chuma kigumu kuliko chochote atakachokuuzia yeye. Avifunge kwa bolti, asivichomelee, maana kuna siku utataka kuvigeuza. Meno matano, kila moja na tundu tatu za kupandisha. Ukijumlisha bamba, visu, bomba la meno na sehemu ya kufungia, linafika kilo 240 hadi 250, ndiyo ile niliyoipigia hesabu.

Mwanao na farasi wake watano kwa futi: jibu lake ni sahihi, njia yake ni ya kubahatisha. Ni kanuni ya haraka inayofanya kazi kwa sababu kwa kawaida trekta lenye farasi wachache huwa jepesi pia. Siku atakapokutana na trekta la farasi 40 lenye uzito wa kilo 1,200, na yapo siku hizi, kanuni hiyo itampa futi nane na atanikumbuka.

Baba watoto naye hakukosea, ila anazungumzia kazi nyingine. Bledi ya nyuma ni ukuta mmoja tu, hauna mbavu, unageuzwa mshazari ili udongo umwagikie upande mmoja. Kwa kuchonga mtaro na kusukuma kifusi kutoka kingoni kurudi katikati, bledi inalishinda boksi. Kwa kujaza shimo lililo mita 20 mbele, bledi haikusaidii, udongo unaponyoka njiani. Na akiamua kuinunua, upana wake hauhesabiwi kama wa boksi. Bledi ikigeuzwa nyuzi 30 inapoteza zaidi ya sehemu ya nane ya upana wake: futi tano inabaki sentimita 132, haifuti tena matairi yako. Ya futi sita kwa mshazari huo inabaki 158, inafuta. Kwa hiyo trekta lako ni la boksi la futi tano lakini bledi ya futi sita, na hakuna mgongano wowote kati ya maneno hayo mawili, kwa sababu bledi haijazi udongo, inaumwaga. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu mwaka huu, kwa mlima wako ningeanza na boksi.

Kuhusu kulitumia, mambo machache tu, mengine litakufundisha lenyewe. Weka maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu. Hesabu rahisi ni kuzungusha tairi mpaka nozeli iwe juu kabisa, kisha jaza hadi maji yaifikie. Uzito huo hauisumbui pua na haidroliki haiunyanyui, upo tu chini unakandamiza. Kwangua ukishuka mlima, panda na boksi limenyanyuliwa au likigusa tu. Fanya kazi siku mbili tatu baada ya mvua: chukua udongo, ukamate kiganjani, ukishikamana bila kukuchafua vidole, washa trekta. Ukiwa mkavu unasaga vumbi, ukiwa tope unajenga kesho.

Halafu kuna toplinki, ule mkono wa juu wenye uzi. Ukiufupisha, boksi linainamia mbele na kung'ata. Ukiurefusha, linakaa kwa kisu cha nyuma na kupiga pasi. Wanaoanza huzungusha mizunguko mitatu kwa mpigo kisha wanashangaa. Nusu mzunguko, mita 20, shuka utazame. Mkono wa chini wa kulia nao una kigiya chake cha kupandisha na kushusha. Shusha upande mmoja kidogo ili katikati ya barabara pabaki juu. Barabara ya mita tatu iwe na mgongo wa sentimita sita au saba kuliko kingo zake. Ikionekana bapa kabisa na umeipenda, umeikosea, mvua ya kwanza italala katikati yake.

SWALI: Hujambo fundi. Niko Kinangop, Kenya, na Massey Ferguson 35 ya marehemu baba yangu, bado inawaka vizuri. Jirani mwenye trekta kubwa ameniuzia bledi ya futi saba kwa bei ya kirafiki. Pini zake hazitoshi kwenye mikono ya trekta yangu, na fundi hapa anasema atoboe mikono iwe mikubwa. Pia watu wananicheka kuwa futi saba ni kubwa mno. – Mwana wa dereva, Kinangop

JIBU: Sijambo, na pole kwa mzee. Mwambie fundi aiweke chini hiyo drili kabla hajamaliza sentensi yake.

Mikono mitatu ya nyuma ya trekta, ile inayoshika kifaa, ina saizi zake zinazojulikana dunia nzima. Yako ni namba moja: pini za chini milimita 22, ya juu 19. Bledi ya jirani imetoka kwenye namba mbili: chini 28, juu 25. Namba moja ikija kwenye trekta la namba mbili, unavisha bushi na kazi imekwisha. Kinyume chake ndiyo shida yako, na dawa haiko kwenye trekta, iko kwenye bledi: pini za vifaa vingi zimefungwa kwa nati, unazifungua na kuweka pini za namba moja, dukani zipo. Ukitoboa ile mboni ya chuma kwenye mkono, inabaki nyembamba kama pete ya harusi, na itakatika ukiwa umenyanyua. Angalia pia nafasi kati ya pini mbili za chini. Kwa namba moja ni sentimita 68, kwa namba mbili 82. Kama jirani hakuweka nafasi za kufungia saizi zote mbili, mpe fundi kazi ya kuchomelea masikio mapya yaliyosogea ndani. Hiyo ndiyo kazi yake halali.

Wanaokucheka wangekuwa sahihi kama lingekuwa boksi. Kwa bledi, hapana, au tuseme nusu. Matairi ya nyuma ya 35 yanasogezwa ndani na nje kwa kugeuza rimu, kutoka inchi 48 hadi 76 kati ya katikati ya tairi na mwenzake. Ukiyaweka inchi 52, upana wa nje unakuwa kama sentimita 160. Bledi ya futi saba ikigeuzwa nyuzi 30 inabaki 185, sawa kabisa. Ikigeuzwa 45 inabaki 151, na hapo tairi moja linakanyaga kazi yako. Baki kwenye 30. Na ing'ate kidogo kidogo, kwenye changarawe iliyolainika, maana 35 yako si fowili na pua yake ni nyepesi hata bila kitu nyuma. Kama bledi ya jirani inazidi kilo 200, tafuta vyuma vya mbele.

Jambo moja la mwisho ambalo baba yako bila shaka alilijua. Hiyo haidroliki aliyoibuni Harry Ferguson ilitengenezwa kwa ajili ya plau: ikihisi plau inavuta kwa nguvu, inainyanyua yenyewe kidogo. Shambani ni baraka. Barabarani ni laana, kwa sababu kila bledi inapokutana na pagumu inapanda, kwenye laini inazama, na unachora mawimbi bila kujua yametoka wapi. Una leva mbili, yaani vishikio vya haidroliki, pale pembeni mwa kiti. Kwa barabara tumia ile ya kushikilia kimo, ile ya kuhisi mvuto iache ipumzike.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Makunduchi, Unguja. Tuna trekta dogo la farasi 20 la nyumba ya wageni, na njia ya kuingilia ni mawe ya matumbawe, mashimo na ncha tupu. Boksi la futi nne lenye meno litatosha? – Msimamizi, Makunduchi

JIBU: Waalaykum salaam. Upana umeupatia kama matairi yako hayazidi sentimita 115, lakini meno yasahau. Mwamba wa matumbawe haukwanguliki kwa trekta dogo. Jino linaingia kwenye ufa, trekta linasimama ghafla, na kinachokatika ni jino ukiwa na bahati, mkono wa chini wa haidroliki ukiwa huna. Kule upande wa mashariki nilikaa siku nne kwa ndugu yangu nikaona jinsi jembe la mkono linavyotoa cheche. Hapo hakuna mjadala wa futi ngapi.

Njia yako haihitaji kukatwa, inahitaji kuvalishwa. Leta kifusi cha mawe ya matumbawe yaliyosagwa, kimo cha sentimita kumi hadi kumi na tano juu ya ncha ndefu kuliko zote, kisha ndipo kifaa kiingie kusambaza. Na kwa kusambaza tu, bila kukata, trekta dogo linaweza kubeba upana zaidi kidogo kwa sababu halipigani na ardhi. Bledi ya futi tano itakufaa kuliko boksi la nne. Mwagia maji, pitisha trekta tupu juu yake mara nyingi, tairi juu ya kila sehemu. Kifusi hicho kikilowa na kukanyagwa kinashikana vizuri ajabu. Bledi ifungwe kisu unachoweza kugeuza, maana matumbawe yanakula chuma kama msumeno. Na ukitoka kazini karibu na bahari, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujala.

SWALI: Fundi, niko Mufindi, mimi ni dereva tu wa trekta la farasi 30. Bosi hataki kununua chochote. Nikifunga matairi chakavu ya lori kwa mnyororo nikayaburuta, itasaidia? Au kipande cha reli? – Dereva, Mufindi

JIBU: Itasaidia zaidi ya bosi anavyostahili. Matairi ya lori yaliyofungwa pamoja, mawili mbele na moja nyuma yao, yanarudisha changarawe iliyotawanyika kingoni na kuziba alama ndogo za tairi. Kwa barabara ambayo bado ni nzima, kuburuta hivyo mara moja kila baada ya mvua kubwa kunaifanya ikae muda mrefu kabla ya kudai greda. Upana pia una uhuru: kwa kuwa hayakati, trekta la farasi 30 linavuta futi sita za matairi bila jasho.

Kisichowezekana ni yale makunyanzi, mawimbi madogo magumu yanayokutikisa meno kwenye kona na milimani. Tairi linapanda na kushuka juu yake kama gari jingine lolote, linayang'arisha tu. Reli ni nzuri zaidi kidogo kwa kuwa ina ukingo na uzito, lakini nayo udongo ukiwa mkavu inaruka. Makunyanzi hayaondoki mpaka ukate chini kabisa ya mabonde yake, kisha udongo uliokatwa usambazwe upya ukiwa na unyevu. Ukijaza mabonde tu bila kukata, baada ya wiki mbili yamerudi mahali pale pale.

Kwa hayo kuna kifaa ambacho naamini kingemfaa bosi wako kuliko boksi. Hakina jina la Kiswahili, mimi nakiita randa, kwa sababu kinafanya kama randa ya seremala. Ni mbavu mbili ndefu zinazoteleza chini, na katikati yake visu viwili vimelala mshazari, kimoja nyuma ya kingine, vikishuka chini ya mbavu kwa sentimita moja au mbili tu. Hakuna ukuta wa nyuma, kwa hiyo udongo haujazani, unapita juu ya kisu na kubaki pale ulipokatwa. Urefu wa mbavu ndio unaozuia yale matuta ya mgongo wa mamba niliyomtengenezea jamaa yangu, maana kifaa kinajipima chenyewe kwa barabara, dereva hana haja ya kunyanyua na kushusha. Kwa farasi 30 na matairi ya nyuma ya sentimita 140 hadi 145, randa ya futi tano, kilo 250 au zaidi, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza, nitawachorea kwenye toleo lijalo.

Na reli, kama tayari unayo, hakikisha una risiti yake. Mimi nimekujibu kuhusu barabara, kuhusu kituo cha polisi sina utaalamu.